Siku Tulia Alipokaa Mbele ya Kisigino Changu

Mnaoniona nimesimama hapa kwa miguu miwili, msinipigie makofi bado. Huu wa kushoto ulikwisha kuhukumiwa. Sikilizeni kwanza.

Mimi ni Mmatengo, nimekulia kwenye kahawa na ngoro, yale mashimo ya kilimo tunayochimba miteremkoni. Soko huria lilipoingia, wanunuzi walikuja na mizani zao na maneno matamu, bei ikaporomoka, nikaona heri nitafute kibarua. Nikavuka Ruvuma hadi Msumbiji, kwenye kambi ya mbwa wa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Nyumbani walinicheka: "Mtu mzima umekwenda kulea mbwa!" Ndiyo, niliwalea. Tulia alizaliwa mikononi mwangu, nikamnywesha maziwa kwa chupa kwa kuwa mama yake alizidiwa na watoto. Alipokua tulimfukia vikopo vyenye harufu ya baruti. Akinusa, lazima akae kimya, aangalie palepale. Hapewi mpira wake mpaka tuchimbe tukione kitu. Mwenzangu Kapinga ndiye aliyemwongoza, na msemo wake ulikuwa mmoja tu: "Mbwa akikaa, usibishe. Chimba."

Siku yangu ilipofika sikuwa na mbwa. Nilikuwa nateremka kuchota maji, kwenye njia tuliyoipita sote kila siku. Kumbe mvua ilikuwa imeshusha bomu kutoka mlimani na kulilaza pembeni. Nilisikia mlio mmoja, halafu sikusikia kitu tena. Niliona kiatu juu ya kichaka, nikajiuliza ni cha nani. Kisigino kilikuwa kimechanika, nyama imechanganyika na udongo. Kapinga alinifunga kwa shati lake, wakanibeba kwa machela, tukavuka mto kwa mtumbwi, hadi hospitalini Mbinga.

Daktari, mtu wa Tanga aliyehamishiwa kwetu, alinisafisha na kunishona. Kidonda kikafunga. Kikapasuka. Kikafunga tena, kikapasuka tena, usaha ukatoka na harufu iliyowafanya wageni wangu wapende kusimama dirishani. Picha ya eksirei haikuonyesha kipande chochote kilichobaki ndani. Mtoki ukavimba kinenani, homa ikagoma kushuka.

"Mfupa unaoza," daktari akaniambia. "Tukingoja, tutakupoteza wewe mwenyewe. Jumatatu tunakata chini ya goti."

Niligeukia ukutani nikalia. Kwetu shamba limesimama wima. Ngoro hazichimbwi kwa mguu mmoja.

Kabla ya Jumatatu hiyo Kapinga akaja kuniaga, kwani yeye na Tulia walikuwa wanahamishiwa mbali. Mbwa haruhusiwi wodini, kwa hiyo wauguzi walinitoa barazani kwa kiti. Nilitegemea Tulia atanirukia kwa furaha. Hakunirukia. Alinusa bandeji, akakaa, macho kwenye kisigino, hatikisiki.

Mama yangu, aliyekuwa akiniuguza, akashika kichwa. "Uwiii! Mbwa anamkalia mwanangu matanga, naye bado mzima!" Akavua ndara, akamtandika nayo. Tulia akapepesa macho tu, akabaki palepale.

"Shikamoo mama, nisamehe," Kapinga akasema. "Huyu hajakaa matanga. Amekaa kazini."

Akamzungusha uani, akampitisha kwa mgonjwa mwingine mwenye bandeji mguuni. Tulia akapita. Akamrudisha kwangu kwa upande wa pili. Akakaa. Hofu ilinishika, maana nilimjua mbwa yule.

Daktari alipoitwa na kuelezwa kazi ya mbwa huyo, alisimama mbali kidogo, asiguswe na mate ya mbwa. "Hilo bomu lilikuwa la chuma?"

"La plastiki, daktari," nikajibu.

Akaitazama bandeji. "Plastiki haionekani kwenye eksirei," akasema, kama anajiambia mwenyewe. "Siwezi kuandika kwenye faili kwamba mbwa amesema. Lakini kabla ya kukata, nitachimba. Leo. Nikikuta mfupa umeoza tu, utaamka huna mguu. Umekubali?"

"Chimba," nikasema.

Nilipozinduka sikuthubutu kutazama. Nilipitisha mkono chini ya shuka polepole, nikashika goti, nikashuka kwenye muundi, nikainama kwa maumivu mpaka nikagusa vidole. Vilikuwepo. Nililia mpaka nikajikojolea, na sioni haya kulisema.

Ndani ya kisigino daktari alikuta kipande cheusi cha plastiki, kidogo kama punje ya kahawa. Alitoka nacho kwenye kisahani hadi uani. Kapinga alikuwa bado ameushika mpira. Alikuwa hajampa, kwa sababu kilikuwa hakijaonekana kitu. Ndipo akamrushia.

Namshukuru Mungu, na daktari yule aliyekubali kuchimba kabla ya kukata. Na wewe mwenye kidonda kinachofunga na kupasuka, usikifunike kwa majani wala kwa aibu. Rudi hospitalini, waambie kuna kitu ndani, watafute tena.

Mama yangu sasa ni mzee. Mbwa yeyote, hata koko wa jirani, akija kukaa mbele yangu, mama hashiki ndara. Ananisogelea, ananishika bega, ananiuliza: "Mwanangu, unaumwa wapi?"