Kona ya Pareto

Surinder Singh alikuwa na miaka sitini na tisa, magoti mawili mabovu, na kesi moja ambayo haijaamuliwa tangu Pasaka ya 1979. Siku hiyo yeye na Kiprugut, msomaji wake wa ramani, waliingia na gari la mashindano katikati ya shamba la pareto kule Molo, magurudumu yakitazama mbinguni. Surinder alidai Kiprugut aliitaja kona akiwa amechelewa. Kiprugut alidai aliitaja mapema, shida ilikuwa masikio ya dereva. Kwa miaka ishirini na minane wakaendelea kunywa chai pamoja kwenye gereji ya Surinder, Nakuru, na hakuna kikombe kilichokosa harufu ya pareto.

Ndipo 2007 Surinder akanunua gemu mpya ya mbio za magari, na usukani wa plastiki wenye kanyagio zake. Ndani kulikuwa na kona ya kulia, mteremko, vumbi. Ile ile! Ungedhani waliotengeneza gemu walilala Molo. Akamwita Kiprugut aje Jumamosi saa tisa, ajionee dereva asiye na hatia akiipita kona hiyo bila mkwaruzo.

Sasa, kompyuta yenyewe ilikuwa ya ofisi ya gereji, yenye Windows ya 1998, na kazi ngumu zaidi iliyowahi kufanya ni orodha ya spea. Gemu ilipofunguka, skrini ilijaa mistari ya zambarau kama leso iliyochujuka.

"Ni plagi," Surinder alisema, akiigonga kompyuta ubavuni kwa mpini wa bisibisi.

"Papaji, wacha kuipiga." Kavita, mke wa mwanawe, ndiye aliyekuwa fundi wa mashine zisizomwaga oili. "Nimeweka hata programu mpya kabisa ya kuendesha kadi ya picha. Nimeitoa kwa intaneti jana, masaa matatu mazima."

"Mpya ya nini? Umefunga giaboksi ya juzi kwa gari la babu yako! Weka ile ilikuja na kadi kwa boksi."

Kavita akaitoa sidii kwenye boksi. Akaifuta ile mpya, akaweka ya kwenye sidii, akawasha upya. Mistari ikatoweka. Milima ikaja, miti ikaja, watazamaji wakaja wakipunga mikono. Barabara tu ndiyo haikuja. Gari lilining'inia juu ya giza kama nyama buchani.

Saa nane na nusu. Kavita akaanza kuzima madoido ya picha moja moja: moshi, kisha maji, kisha mng'aro wa vioo. Kila akizima moja anafungua gemu upya, na kila kufungua ni kungoja kama foleni ya hospitali.

"Zima yote tumalize!"

"Nikizima yote sitajua mwizi ni nani, Papaji."

Hapo mzee akaishusha bisibisi, kwa sababu ni yeye aliyefundisha hivyo nusu ya mafundi wa Nakuru.

Saa tisa kamili Kiprugut akaingia, kofia mkononi, akajimiminia chai kama kawaida. Akaitazama skrini.

"Sasa, Singh. Naona umeuza barabara."

"Inatengenezwa."

"Hata Molo uliniambia barabara ndiyo ilihama."

Kisha akavaa miwani, akainama. Kwenye pembe ya skrini kulikuwa na ramani ndogo, mstari mweupe na nukta nyekundu. "Hii naweza kusoma. Endesha."

Surinder alimtazama Kavita. Kavita akainua mabega. Kungoja kungeonekana kama uoga, kwa hivyo mzee akakanyaga mafuta.

"Moja kwa moja. Kushoto, pole pole. Haya kanyaga! Kanyaga, mzee, umepanda punda?"

Mbele ni weusi mtupu. Kwa mara ya kwanza maishani Surinder hakuwa na kitu kingine cha kufuata ila sauti hiyo.

"Kulia, kali. Breki sasa!"

Mguu wake ulitaka kubaki kwenye mafuta, kama ulivyozoea. Ukaona giza, ukaogopa, ukatii. Gari likateleza, likanyooka. Wakafika mwisho bila mkwaruzo, na ndani ya gemu watu wakapiga makofi.

"Nimesema mapema ama nimechelewa?" Kiprugut akauliza.

Surinder aliupangusa usukani kwa mkono wa shati, ingawa haukuwa na vumbi. "Umesema mapema. Hata ule mwaka ulisema mapema. Nilikusikia. Nilidhani naweza kupita bila breki."

"Miaka ishirini na minane, Singh!"

"Nilikuwa natafuta nafasi."

Kiprugut alikuwa bado anatafuta tusi linalotosha, Kavita alipojipenyeza kati yao. "Ngojeni, nimebakisha vivuli tu." Akavizima, akafungua gemu upya, na barabara ikaja yote, ya udongo, safi, kutoka ukingo hadi ukingo. Kumbe ni vivuli vilivyokuwa vimeimeza.

"Sasa pumzika," Surinder akamwambia Kiprugut, akijiweka sawa kitini. "Sasa najionea mwenyewe."

Na kweli aliiona. Aliiona kona ikija, akaiona kila jiwe lake, na mguu ukabaki kwenye mafuta. Magurudumu yakatazama mbinguni.

Kiprugut alicheka mpaka akalazimika kuweka kikombe chini.

"Kavita, beti, binti yangu," Surinder alisema bila kugeuka, "washa hivyo vivuli."