Tuta la Mchonga Vinyago

Siku ile nilikuwa nimeshaandikiwa kosa kabla hata ya saa mbili asubuhi. Trafiki alinisimamisha Tegeta, hatua chache baada ya zebra ambayo rangi yake ilikuwa imefutika kiasi kwamba hata wanaovuka hawakujua wanakanyaga nini. Akaniambia sikuwapisha watembea kwa miguu. Nikamwuliza ningejuaje, maana mbele yangu palikuwa na lami tupu. Alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa. Akamwita mwenzake kwa sauti iliyosikika mpaka kituoni: "Njoo umwone mzee mzima haijui zebra!"

Watu waliokuwa wakisubiri usafiri wakacheka. Mke wangu, aliyeketi pembeni yangu, akajifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba. Nikaomba. Mie ambaye ofisini watu husimama nikiingia, nilishuka kwenye gari nikaunganisha viganja mbele ya mtoto yule. "Afande, nisamehe leo tu."

"Sheria ni sheria, mzee," akasema. Kimashine chake kikatema karatasi.

Siku nzima nilikuwa na hasira ya mtu aliyechekwa. Jioni nikarudi nayo Madale, na huko nikapata wa kumshushia.

Tunakaa juu mlimani, kwenye mtaa ambao barabara yake ni ya udongo. Masika huichimba mpaka mawe yanatokeza. Halafu greda linakuja, limechelewa kama kawaida, linaisawazisha, na kwa wiki chache kila mwenye usukani anageuka mwendawazimu. Mwaka huo, barabara ilikuwa haijamaliza hata wiki tangu isawazishwe, bodaboda akamgonga mjukuu wa jirani yetu akitoka shule. Binti mdogo wa darasa la pili. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Mwenye bodaboda hakusimama, na hakuonekana tena.

Jirani mwenyewe alikuwa mzee wa Newala, mchonga vinyago. Alikuwa na banda la bati mbele ya nyumba, pale barabara inapokata kona na kuanza kuteremka, na kutwa nzima ungemsikia akigonga mpingo. Alimlea mjukuu yule peke yake. Tulikuwa tunasalimiana, basi. Sikuwahi kuingia kwake.

Jioni ile nikakata kona kama nilivyozoea, nikaruka. Gari likagonga kitu kwa tumbo, likalia kama debe lililokanyagwa. Niliposhuka nikakuta tuta. Halikuwepo asubuhi. Lilikuwa la mawe na moramu, refu kupita kiasi, limeshindiliwa vizuri, na pembeni yake kulikuwa na nguzo iliyochongwa kwa ustadi ikapakwa nyeupe na nyekundu, imeandikwa PUNGUZA MWENDO. Chini ya gari oili ilikuwa ikitiririka mchangani. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imepasuka.

Nikaenda mpaka bandani. Sikumwamkia.

"Mzee, nani kakupa ruhusa ya kujenga tuta barabarani?"

Akaweka tezo chini. "Karibu kwanza, mwanangu. Pole na kazi."

"Nimeuliza ruhusa."

"Ruhusa sina. Nilikwenda ofisi ya mtaa mara tatu. Wakasema andika barua, nikaandika. Barua iko huko, mtoto kagongwa."

Kwenye mkeka nyuma yake binti alikuwa amelala, mguu umefungwa plasta mpaka pajani, ananiangalia. Nilimwona vizuri. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye nilimwambia mke wangu kwamba sikumwona.

"Sheria ni sheria, mzee," nikasema. Maneno yakatoka yenyewe, na yalinipa raha. Nilihisi kama nimetua mzigo.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilikwenda ofisi ya mtaa na picha kwenye simu, nikamweleza mwenyekiti kwamba kuna mtu amejimilikisha barabara ya umma. Mwenyekiti hakutaka ugomvi na mzee. Akaanza kusema tukae, tuzungumze. Nikamwambia kama haliondoki naandika kwa manispaa, na nitamtaja yeye kwa jina kuwa alijua akanyamaza. Siku ya tatu akaja na injinia wa barabara. Injinia akapima lile tuta kwa tepu, akatikisa kichwa, akasema halina kibali wala kipimo, liondolewe leo leo, na aliyelijenga aliondoe mwenyewe.

Mzee hakubisha. Aliingia ndani akatoka na sururu na jembe.

Ilikuwa saa sita mchana. Alikuwa ameshindilia kazi yake sawasawa, kwa hiyo ilimchukua muda mrefu kuivunja. Majirani walitoka wakasimama kwenye vivuli vya kuta. Kuna waliotaka kumsaidia, injinia akawaambia wamwache, awe mfano. Mie nilisimama karibu kuliko wote, mikono nyuma. Jasho lilimloweka shati likanata mgongoni. Alipofika mwisho akaegemea jembe kupumua, nikamwonyesha kwa kidole cha mguu kibonge kilichobaki.

"Na hapa bado."

Akainama akakichimba.

Ile nguzo injinia alitaka kuitupa kwenye Landkruza yake aondoke nayo. Mzee akamwomba aachiwe, ni kazi ya mikono yake. Injinia akanitazama mie, kana kwamba uamuzi ni wangu. Nikasema, "Ichukue. Kesho atairudisha." Ikachukuliwa.

Wiki iliyofuata mzee akaanza kusimama mwenyewe. Kila asubuhi wakati watoto wanakwenda shule, alisimama kwenye kona na kitambaa chekundu akipunga magari yapunguze mwendo. Hakuna sheria inayomkataza mtu kusimama kando ya barabara. Nililichunguza hilo, ndiyo maana najua. Nikawa namkuta kila siku. Wengine walipunguza. Mie nilikandamiza honi tangu mbali nikapita na upepo uliompeperushia kitambaa usoni. Hakuwahi kunitukana. Hilo lilinikera zaidi.

Asubuhi moja, usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Pale lilipokuwa tuta palikuwa pamebonyea, pamejaa maji ya tope. Ningeweza kulikwepa lile dimbwi, nafasi ilikuwepo. Nilizungusha usukani kulifuata. Kwenye kioo nikamwona mzee amesimama vilevile, tope kuanzia kofia mpaka ndala, anajifuta macho ili aone gari linalofuata.

"Umefanya makusudi," mke wangu akasema.

"Hujui kuendesha wewe. Barabara inateleza."

"Nishushe."

"Unakwenda wapi na tope hili?"

"Nishushe, baba. Nasikia vibaya kukaa humu."

Akashuka na viatu vyake vya kazini. Tangu siku hiyo hakupanda tena gari langu kwenda kazini. Alikuwa akitembea mlima mzima mpaka kwenye lami, akipita kwa mzee akimwamkia. Nilimpita njiani mara nyingi. Nilimpigia honi yeye pia.

Haikupita muda mrefu, Jumamosi moja asubuhi, nikiwa nafuta vioo vya gari, nikasikia breki, halafu kishindo, halafu sauti za wanawake. Pikapu iliyobeba matofali ilikuwa imekata kona kwa kasi. Mzee, aliyesimama hata Jumamosi kwa ajili ya watoto wa tuisheni, alikuwa amenyoosha mkono na kitambaa chake. Kioo cha pembeni na ubao wa nyuma vilimchukua mkono na bega vikamzungusha. Dereva alipunguza kidogo, akatazama nyuma, akakanyaga mafuta.

Gari lililokuwa karibu lilikuwa langu. Mke wangu alikuja mbio. Hakuniomba, alifungua tu mlango wa nyuma, na majirani wakamlaza mzee kwenye kiti. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja pasipo na kiungo, na mfupa umetoka. Nitasema nilichowaza: niliwaza kwamba viti ni vya kitambaa, damu haitoki. Mkononi nilikuwa na lile tambara la kufutia vioo. Nilimtandikia chini ya mkono, na mke wangu aliona wazi kama nilikuwa nautandikia mkono au nakitandikia kiti.

Kutoka kwetu mpaka kwenye lami si mbali, lakini ile barabara iliyosawazishwa ilikuwa imeshaanza kuliwa tena. Kila shimo lilimtoa mzee sauti. Hakupiga kelele, alikuwa anaguna tu, kama mtu anayekubaliana na jambo. Nilikwenda taratibu kuliko nilivyowahi kwenda, na nyuma yangu wenye magari wakawa wananipigia honi na kunitukana.

Tulianzia kituo cha polisi, kwa sababu zahanati wangetudai fomu ya PF3 kabla hawajamgusa. Askari aliyekuwa zamu akatoka nje na kalamu, akachungulia nyuma, halafu badala ya kwenda kuandika fomu akalizunguka gari.

"Wewe ndiye umemgonga?"

"Hapana, afande. Nimemleta tu."

"Wote husema hivyo. Fungua buti. Mtungi wa kuzimia moto uko wapi? Pembetatu?"

"Afande, mgonjwa anavuja damu."

"Nimekuuliza pembetatu."

Mtungi niliokuwa nao ulikuwa umepitwa na muda. Akaandika. Taa moja ya breki haikuwaka. Akaandika. Mke wangu alikuwa ameketi nyuma na kichwa cha mzee mapajani mwake. Askari akainama dirishani.

"Mzee, nisikilize. Huyu ndiye aliyekugonga?"

Mzee akafumbua macho. Akanitazama. Nilijua kwamba angeweza kuitikia kwa kichwa tu, na mie ningelala ndani siku ile, na ningekaa huko Jumapili nzima mpaka Jumatatu, na majirani wangekuja kushuhudia kila kitu, tuta, honi, tope. Alichukua muda wake. Sijui alikuwa anapima au maumivu yalikuwa yamemzuia. Nusu ya maisha yangu sasa iko pale, nimesimama kando ya buti lililo wazi nikimsubiri.

"Hakunigonga," akasema mwishoni. "Huyu kanivunjisha tuta."

"Tuta gani?"

"Nililojenga. Watoto wasigongwe."

Askari akaninyanyulia nyusi. Akafikiri kidogo. "Hilo si kosa," akasema, akaingia ndani kuandika fomu.

Mkono ulifungwa, ukapona vibaya. Vidole viwili havikunjiki. Nilikwenda kumjulia hali mara moja, nimebeba sukari na unga. Alinikaribisha, akaniomba niketi. Kwenye gogo mbele yake palikuwa na kipande cha mpingo alichojaribu kukichonga kwa mkono wa kushoto. Kilikuwa kimeharibika. Nikamwambia, "Mzee, naomba unisamehe."

"Kwa lipi?" akauliza.

Nilidhani ananipa nafasi. Nikaanza kuyataja, moja moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, bila hasira, "Haya. Umemaliza? Nataka kumwogesha mtoto." Akaichukua ile sukari na unga akampokeza jirani aliyekuwa anapita, mbele yangu, kama vitu vilivyosahauliwa na mtu.

Baadaye manispaa walileta matuta. Matatu, ya lami, yenye vipimo, na mabango. Waliyaweka juu zaidi, mbele ya geti la mheshimiwa mmoja aliyehamia mwaka huo, mahali ambapo barabara ni nyoofu na hakuna mtoto anayevuka. Kwenye kona hakuna kitu hadi leo.

Mzee aliuza kiwanja akahamia Kimbiji, kwa ndugu zake. Siku ya kuhama nilikuwa natoka kazini. Nikakutana na Kanta iliyojaa vitanda na mabati ikiteremka, nami napanda, na njia ni ya gari moja. Dereva akatoa kichwa. "Rudi nyuma, bosi, mie nina mzigo."

Nikarudi nyuma, polepole, nikitazama vioo, mpaka kwenye uchochoro wa jirani nikajibanza. Kanta ikapita karibu kiasi kwamba ningeweza kuwagusa. Mzee alikuwa ameketi mbele, anatazama njia. Mjukuu alikuwa dirishani. Alinitazama kama unavyomtazama mtu yeyote aliye ndani ya gari, kisha akageukia upande mwingine.

Nikapandisha kioo, vumbi lisiingie.