Damu Niliyomnyima Mke wa Mwanangu

Nilikosa. Nalisema kwanza, ndugu msomaji, usije ukapoteza muda kunitafutia kisingizio. Nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu. Jina langu naomba mhariri aliache.

Ulikuwa mwaka ule wa homa kubwa ya mafua, ile iliyozunguka dunia ikafika mpaka huku kwetu Nyamira. Shule zilifungwa. Chai ilikomaa shambani kwa kukosa wachumaji.

Kwamboka, mke wa mwanangu Nyakundi, alikuwa na ugonjwa wa ini wa siku nyingi, macho ya manjano na tumbo limejaa maji. Wiki hiyo alianza kutapika damu, tukamkimbiza hospitali.

Daktari alikuwa mtu wa pwani, mpole. Alituita nje ya wodi.

"Mzee, nasikia huko ng'ambo wameanza kumwekea mgonjwa ini la mtu aliyefariki. Sisi hapa tuna damu tu, na hata hiyo imekwisha. Wanafunzi ndio waliokuwa wakitutolea, na sasa wanaugua mafua. Mwenye homa hatuwezi kumtoa damu."

Tukachomwa vidole, mimi, Nyakundi na kaka yake Kwamboka. Damu iliyofaa ikawa yangu peke yake!

Aibu ikanishika. Mgusii mwenzangu atanielewa. Tangu msichana huyo aolewe sikuwahi kumpa mkono, wala kukanyaga sakafu ya nyumba yake. Tukikutana njiani yeye alikaa pembeni, nami nikatazama upande mwingine. Ndiyo chinsoni, heshima tuliyolelewa nayo. Leo damu yangu ikazunguke mwilini mwake? Watu wa ukoo wangesemaje?

Basi nikakohoa.

"Daktari, hata mimi hii homa imenishika. Kifua inauma tangu juzi."

Uongo mtupu! Homa hiyo ilinipata mapema, nami nilikuwa nimepona zaidi ya mwezi. Lakini mwaka ule nani angebishana na mtu anayekohoa? Daktari alirudi nyuma hatua mbili, akaniambia niende nyumbani nikapumzike. Nikaenda.

Nyakundi alizunguka mji mzima akiomba watu damu. Wengine walikuwa wagonjwa kweli, wengine walijifanya kama mimi. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, Kwamboka akafa. Aliacha watoto wawili.

Ole wangu! Siku ya mazishi nilisimama kuwashukuru waombolezaji. Niliongea muda mrefu juani, kwa sauti kubwa, nisikohoe hata mara moja. Nyakundi alikuwa akinitazama. Watu walipotawanyika alinifuata kwenye migomba.

"Tata, kifua yako ilipona lini?"

Niliinama kuokota jani kavu la mgomba.

"Ni chinsoni ilikuzuia?"

"Ee."

Alifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mwenye bibi ni mimi, Tata. Si ungeniuliza mimi?"

Kweli, sikumuuliza yeye wala mtu yeyote. Baadaye nilimweleza kaka yangu mkubwa, mkali wa mila kuliko sote, nikitumaini atasema nilifanya sawa. Alinishangaa.

"Damu ya kwa chupa? Nani alikukataza?"

Hakuna! Nilijikataza mwenyewe, kwa sheria niliyoitunga palepale mlangoni pa wodi, kwa woga wa maneno ya watu ambao hata hawakuwapo.

Nyakundi alihamia Magwagwa na watoto. Nikimtumia salamu hujibu kwa adabu kwamba hawajambo. Basi, hayo tu. Na mimi sina nguvu tena ya kwenda kusimama mlangoni kwake.

Akina baba wenzangu, nawasihi! Siku daktari akikuomba damu, nyoosha mkono kwanza. Kama kuna aibu, mtaizungumza mkiwa wote hai. Na kama hujui mila inasemaje, uliza, tena uliza upesi. Mimi nilimheshimu mke wa mwanangu mpaka nikamzika, na wajukuu wangu wawili wanakua Magwagwa bila kuijua sura yangu.