Mkwe wa Sabuni

Huyu ni Bibi Funguo, binti wa fundi chokaa, mjukuu wa mkunga, mke wa fundi saa, mama wa wanne aliowazaa na wawili aliowalea baada ya ndugu zake kufariki. Ndiye aliyempokea mtoto sakafuni mwa wadi ya wanawake gerezani siku gari la hospitali lilipogoma kuwaka. Ndiye aliyesimama mlangoni akamwambia mlevi mwenye cheo, "Humu ni kwa wanawake, afande, geuka," na mwenye cheo akageuka. Ndiye aliyetembea nyuma ya jeneza la mfungwa asiye na ndugu, sare yake imenyooshwa pasi, ili marehemu asiende kama mzigo uliopotea stesheni. Alisoma mpaka darasa la saba, na hakuna aliyewahi kumwona akilionea haya darasa hilo.

Mwaka wake wa mwisho kazini alikuwa amechoka. Haukuwa ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ulikuwa umehamia kabisa, ukaja na virago vyake vyote: kiuno, magoti, na kisigino cha kushoto kilichoota mfupa. Akisimama zamu mlangoni, mkono mmoja aliushindilia kiunoni, wa pili ukashika mkungu wa funguo tumboni ili usimvute mkanda, na kisigino akakichomoa kwenye buti kipate baridi ya sakafu. Hivyo ndivyo alivyosimama, asubuhi hadi jioni, miaka na miaka.

Fahari yake ilikuwa moja. Tangu aajiriwe hajampiga mfungwa wala kumtukania mama yake. Wenzake walilijua hilo, na waliolisahau aliwakumbusha.

"Wale wanawake wananiheshimu," alimwambia mumewe jioni, akivua buti. "Nikitokeza tu, wadi nzima kimya."

"Na kuku wetu wanavyomheshimu yule mwewe!" fundi saa akajibu, jicho limebanwa kwenye kioo chake.

Alimwita mchokozi, akaenda zake kuoga.

Asubuhi moja askari mpya, msichana aliyeletwa kujifunza zamu ya Bibi Funguo ili airithi, alifanya upekuzi wadini. Alipoinua godoro la mwisho, karibu na dirisha, akakuta sakafu imechorwa kwa mkaa: vyumba, korido, ngazi, lango. Juu ya mchoro vimepangwa vifungo vya nguo vya rangi mbalimbali, na dadu ya mfupa. Kwenye pembe nne zimesimama sanamu nne za sabuni ya mche, kila moja kimo cha kidole, zote za mtu yule yule. Msichana alizikumba sanamu akakimbia nazo ofisini kama aliyekamata bunduki.

Mkuu wa gereza alizipanga mezani. Naye alikuwa mtu ambaye tumbo humtangulia kufika mahali. Kila sanamu ilikuwa na tumbo. Askari waliokuwepo walitazama sanamu, wakamtazama mkuu, kisha wote wakaona dari ina utando wa buibui.

"Huyu ni nani?"

"Ni sanamu, afande."

"Ni kipofu mimi? Sanamu ya nani?"

Mkuu akamgeukia Bibi Funguo, akamkabidhi sanamu moja. "Wadi ni yako. Mtafute aliyechonga, akwambie ni nani. Ikiwa ni afisa wa humu, huko ni kumdhihaki afisa. Atalala selo ya peke yake, na Jumapili haoni mgeni."

Hapakuwa na wa kutafutwa. Godoro la dirishani lilikuwa la Mshonaji, fundi cherehani aliyeingia gerezani akiwa ananyonyesha. Mtoto alikaa naye mle mpaka akaanza kusimama kwa kushika kuta, kisha akapelekwa kwa bibi yake. Jumapili hiyo bibi alikuwa amlete, mara ya kwanza tangu watengane. Wadi nzima ilikuwa ikiingoja Jumapili ya Mshonaji kana kwamba kila mmoja ndiye atakayetembelewa.

Bibi Funguo alimkuta kwenye chumba cha cherehani. Akageuza ndoo, akaikalia.

"Nieleze mchezo wenu. Na usinizungushe, kiuno changu leo hakina subira."

Mshonaji aliangalia vidole vyake. "Ni mchezo tu, afande. Gereza la Mfalme wa Majini. Vifungo ni wafungwa wake, na kila mmoja ana uwezo wake. Chekundu kinaruka. Cheupe kinageuka moshi. Kile chenye matundu mawili kinaona nyuma ya ukuta. Unarusha dadu, unalitafuta lango."

"Wenye mabawa na wenye moshi! Sasa wanashindwaje kutoka?"

"Hizo sanamu, afande. Ukifika zinapokuona, uwezo wako umekwisha. Mwenye mabawa anatembea. Moshi unarudi kuwa nyama. Kifungo kinalazwa kifudifudi mpaka zamu ipite."

"Zinapiga?"

"Hazipigi."

"Zinatukana?"

"Hata mdomo hazina. Nilitaka kuziwekea, wenzangu wakakataa."

"Zina jina?"

Cherehani ya jirani ilisita kidogo, ikaendelea.

"Tunaiita Mkwe."

Bibi Funguo karibu acheke. "Mkwe wa nani?"

"Wa wote. Mkwe hana kosa, afande. Hajakufanyia kitu, pengine ana roho nzuri kuliko ndugu zako. Lakini akitokea, ulichokuwa unatafuna unakimeza kizimakizima. Kicheko unakirudisha tumboni. Panakuwasha, hujikuni. Mpaka aondoke ndipo unakumbuka kuwa una mikono." Akaongeza kwa sauti ya chini zaidi, "Na wetu haondoki."

Bibi Funguo aliitoa sanamu mfukoni. Ofisini wote walikuwa wameitazama kwa mbele. Sasa aliigeuza. Mkono mmoja kiunoni. Na chini, mguu wa kushoto, kisigino kiko nje ya kiatu.

"Hili tumbo..." alisema.

"Si tumbo. Ni funguo. Sabuni imelika kwa kushikwashikwa."

Bibi Funguo alijikuta ameficha buti lake la kushoto nyuma ya ndoo.

"Nimewahi kukupiga?"

"Hapana, mama. Ungekuwa unapiga tungekuchonga mdomo na fimbo, tukakucheka tukalala."

Alirudi nyumbani akakaa kitini na buti zake miguuni. Mumewe akaiweka saa chini.

"Kafa nani?"

"Nimechongwa."

"Umechongwa?"

"Sanamu. Kwa sabuni."

Fundi saa alijizuia, akashindwa, kioo kikamwanguka jichoni. "Sabuni gani?"

"Ya kufulia."

"Wangekununulia hata ya kuogea! Mke wa mtu mzima!"

Hakucheka naye, na fundi saa akaona. Akapiga magoti, akaanza kumfungua kamba za buti yeye mwenyewe. Bibi Funguo alimweleza yote. Akinyamaza, mkuu ataendelea kuamini tumbo ni lake, na Mshonaji atakwenda selo wakati mtoto anageuzwa langoni. Akisema, basi heshima yote aliyojijengea itaishia kwenye kipande cha sabuni, na ataondoka kazini akiwa kichekesho cha madereva.

"Sasa unaniuliza mimi?" alisema mumewe.

"Sikuulizi. Nakwambia tu, nimechoka kubeba peke yangu."

Kesho yake aliingia ofisini na kuomba askari wote wa zamu waitwe. Walipojaa, alisogea katikati. Mkono mmoja akaupeleka kiunoni, funguo akazishika tumboni, kisigino akakichomoa kwenye buti, mbele ya watu, soksi yake imetoboka. Akasimama hivyo kando ya meza.

"Ni mimi," alisema.

Dereva mmoja akapasuka kwa kicheko, wakafuata wengine, na wa mwisho mkuu mwenyewe, aliyecheka kuliko wote kwa sababu alikuwa amelala na wasiwasi wa tumbo.

"Kwa hiyo aliyedhihakiwa ni wewe," alisema akifuta machozi.

"Sikudhihakiwa, afande. Nimefananishwa."

"Humshtaki?"

"Nimshtaki kwa kuwa ana macho?"

"Haya, ondoa sabuni zako mezani kwangu."

Tangu siku hiyo aliitwa Sabuni. Dereva alimuuliza kila asubuhi atatoa povu lini. Yeye ambaye zamani angemkata mtu kauli kwa jicho tu, alipita taratibu, maana hata kukasirika kunataka nguvu.

Jumapili mtoto alikuja. Alikuwa amejificha kwenye sketi ya bibi yake, anamchungulia mama kama mtu wa dukani. Mshonaji hakumvuta. Alimega mkate waliomletea, akanyoosha mkono, akangoja. Mtoto akaja, akauchukua, akarudi, akaja tena. Mwishowe wakawa wamekaa benchi moja, wote wawili wanatafuna.

Ndipo Bibi Funguo akafika mahali pake, mlangoni pa uwanja wa wageni, mkono kiunoni. Akaona taya za Mshonaji zimesimama, mkate umevimba shavuni kama jino bovu. Mtoto akamtazama mama yake, naye akaacha kutafuna. Hakujua kwa nini. Aliacha tu kwa kuwa mama ameacha.

Bibi Funguo alimwita msichana askari aje ashike uwanja, akaburuta miguu yake hadi nyuma ya ukuta, akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyebanwa na pumzi. Akakaa huko mpaka kengele. Hakumwona tena mtoto.

Siku ya kukabidhi zamu, mlangoni pa wadi, alimvisha msichana mkungu wa funguo mkandani kwa mikono yake.

"Hizi ni za serikali," alisema. "Sasa nina kazi yangu mimi ya kukuachia, serikali haimo."

"Sema, mama."

"Kila unapokuja hapa, kabla hujaingiza ufunguo, piga hodi."

"Hodi? Gerezani, mama?"

"Gerezani. Na si hapa mlangoni, hapa utakuwa umeshachelewa. Tokea kule ngazini, kwa sauti, wapate kumeza."

Msichana alitaka kucheka, akauona uso wa mkubwa wake, akaacha. "Wasiponikaribisha?"

"Utaingia, una ufunguo. Watakuona una wazimu mwezi mzima. Wewe piga."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wakuzoee wakujibu. Na wakishakujibu, usiache." Bibi Funguo aliegemea ukuta, akapumua. "Haya, mwanangu, rudi kule ngazini. Anza sasa nikiwa nasikia."