Nani Atambeba Mwende?

Nakumbuka siku moja ya Jumapili, watu wametoka kanisani na chai bado iko mekoni, wazee wa ukoo wa mume wangu walipokuja kuketi uani kwetu Nunguni ili kunikataza kwenda chuo. Mwanangu, kaa vizuri nikueleze, maana hivi karibuni nawe utakuwa na nyumba yako, na jambo hili ningependa ulisikie kwangu kabla hujalisikia vibaya kwingine.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimeolewa na Musyoka, kijana mpole aliyelima kahawa na mahindi kwenye shamba la mama yake. Tulikuwa na mtoto mmoja, Mwende, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameacha ziwa. Nikapata nafasi ya kusomea ualimu, huko upande wa Machakos. Nilimwambia Musyoka nikiwa nimeangalia chini, kwa vile nilijua nitaambiwa nisahau. Yeye akasema, "Nenda. Mtoto nitabaki naye."

Habari hizo zilifika sokoni kabla yetu. Wengine walisema Musyoka amerogwa, wengine nimemlisha kitu. Ndipo akaja mzee Kilonzo, ndugu mdogo wa marehemu baba mkwe, pamoja na wenzake.

"Musyoka," mzee Kilonzo alianza, "mke wako akienda, nani atambeba Mwende? Nani atachota maji?"

"Ni mimi, baba."

Wazee wakacheka. Mmoja wao akasema, "Mwanamume mzima, mtoto mgongoni na leso! Ukoo huu utaonekana vipi?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Nilimtupia jicho mama mkwe wangu, Mbithe. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe. Nilimwogopa, nakwambia kweli. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na moyoni nilidhani ni yeye aliyewaita.

Aliweka ungo chini.

"Kilonzo, shemeji yangu," akasema, "ndugu yako alipokufa aliniacha na watoto wadogo. Mvua ilipoanza kuingia ndani, nilipanda juu ya paa nikaezeka nyasi kwa mikono yangu. Ulipita hapo njiani ukaniona. Ulinishusha?"

Mama mkwe akaendelea.

"Nikachimba matuta ya shamba hili lote. Nikafunga ng'ombe nira, nikalima. Wezi walipokuja zizini, nilitoka na upinde wa mume wangu. Hamkuita kikao. Hakuna aliyeniambia, Mbithe, acha, hiyo ni kazi ya wanaume. Mlinisifu, mkasema mimi ni mwanamke shupavu. Leo mwanangu akimbeba mtoto wake mwenyewe, mnakuja kuniambia ameharibika. Hebu nielezeni, labda ni mimi nisiyeelewa."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Mzee Kilonzo alivua kofia yake, akaizungusha mikononi.

"Hatukukusaidia wakati ule, Mbithe," akasema.

"Hamkunisaidia," mama mkwe akajibu, wala hakuwa na hasira. "Haya, kunyweni chai."

Basi nikaenda chuo. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Niliporudi likizo ya kwanza, Mwende aliniona njiani na sanduku langu, akakimbia kujificha nyuma ya miguu ya baba yake. Nilienda nyuma ya jiko nikalia. Musyoka alinifuata, akaketi kando yangu, mtoto amefungwa mgongoni.

"Kila jioni namwambia habari zako," akasema. "Jina lako analijua. Ni sura tu hajazoea. Mpe muda."

Kabla ya likizo kwisha, Mwende alikuwa halali bila mimi, na kuondoka tena kukawa kugumu kuliko mara ya kwanza. Musyoka naye alikuwa na yake. Miaka mingi baadaye ndipo aliponiambia kwamba kicheko cha watu hakikumuuma sana. Kilichomuuma ni marafiki zake kuacha kumwita walipokuwa wakikutana. Sikuwa nimejua. Nilimshika mkono, tukakaa hivyo.

Nilimaliza, nikafundisha shule za milima hii mpaka nikastaafu. Na mzee Kilonzo? Mke wake alipougua, Musyoka alipita kuwajulia hali, akamkuta mzee amepiga magoti jikoni anapuliza moto, macho yanamtoka machozi kwa moshi. Hakujaribu kuficha. Alimuuliza tu, "Musyoka, kwani chumvi mnaweka saa ngapi?" Musyoka akakunja mikono ya shati, wakapika pamoja, wakampelekea mgonjwa chakula kitandani.

Sasa nisikie, mwanangu. Ukiwa na jambo unalolitaka, usilimeze kwa kuogopa kicheko cha watu. Liseme nyumbani kwako kwanza, maana huenda aliye karibu nawe amekuwa akingoja uliseme. Usiulize kazi hii ni ya nani, mume au mke. Uliza nani amechoka leo, na nani bado ana nguvu. Na ukimwona mtu, awe mwanamke au mwanamume, amebeba mzigo peke yake, usimsifu halafu upite. Mpokee.

Mungu akupe mwenzako wa kukaa kando yako ukilia, na akupe wewe moyo wa kukaa kando yake. Watoto wenu wawajue nyote wawili kwa sauti na kwa sura. Nyumba yenu iwe na chakula, awe amekipika yeyote. Lete mikono yako niitemee mate ya baraka, mwanangu, kisha uende salama.