Majani ya Mgomba Juu ya Injini

Harufu ya jani bichi la mgomba likitokota juu ya chuma cha moto haifanani na nyingine yoyote. Ina utamu wa ndizi zilizovundikwa na ukali wa oili, na ndiyo iliyokuwa harufu ya jioni zetu kule Masukulu, miaka ile biashara ilipoachiwa huru na kila mwenye gari akaruhusiwa kubeba mazao. Baba alikuwa dereva wa ushirika. Ushirika ulipolegea, aliondoka na pikapu yake kuukuu, akaanza kuwapelekea akina mama mikungu yao ya ndizi sokoni Tukuyu. Kila jioni, injini ikiwa bado ya moto, alikata majani mabichi, akayapanga juu yake, akashusha boneti na kutandika blanketi. Rungwe ni nchi ya mvua na ukungu. Ndizi tulizifunika hivyo hivyo zipate joto ziive, na baba aliamini injini nayo haipendi baridi.

Lakini kila alfajiri pikapu ilikohoa. Starta ililia, injini ikashika kidogo, ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria, ikazima. Hapo ndipo alipotokea jirani yetu Lugano, rika la baba, aliyechunga naye ng'ombe tangu utotoni. Hakungoja kuitwa. Aliweka mabega nyuma ya bodi akaisukuma hadi kwenye mteremko, huku akitania, "Ndugu yangu, hili si gari, ni bibi harusi. Halitoki nje mpaka libembelezwe!" Baba alicheka, pikapu ikawaka, ikaenda ikigugumia mpaka jua lilipopanda. Mjini, Fundi Salehe, ambaye babu yake alihamia kutoka Tanga, alisafisha kabureta na kubadilisha plagi, kisha akasikiliza sailensa, ule mngurumo wa gari likiwa limesimama. "Mzee, gari zima hili," alisema. "Labda linakuogopa wewe." Na kweli, mchana, mbele ya karakana yake, injini ilinguruma laini kama cherehani.

Mtu akichoka kutafuta ugonjwa, hutafuta mchawi. Magari ya wageni yalianza kuwahi barabarani, na akina mama, wakichoka kungoja, wakapakia huko. Wazee wa kwetu husema minong'ono ya majirani walionuna humletea mtu baridi mwilini. Baba akaanza kujiuliza kwa nini Lugano ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kila pikapu ilipogoma, kana kwamba alijua. Asubuhi moja, Lugano akiwa tayari ameshika bodi, baba alimwambia, "Toa mikono yako. Kikulacho ki nguoni mwako." Lugano aliitoa taratibu, akaitazama kama mikono ya mtu mwingine. "Ndaga, ndugu yangu," alisema, yaani asante, akapita katikati ya mibuni akaenda zake. Hawakusalimiana tena. Wateja wakaisha, pikapu ikaingia bandani. Lugano alipofariki, mimi nikiwa chuoni, baba hakwenda kuzika. Anayezijua desturi zetu anajua kwamba hilo ni zito kuliko tusi.

Mimi sikurithi kitu. Nilikwenda Dar es Salaam nikaosha magari ya watu, nikajisomesha mwenyewe, nikapata stashahada ya ufundi wa magari, tena kwa alama za juu. Leo karakana yangu Tukuyu ina mashine inayosoma ugonjwa wa gari kabla mwenye gari hajamaliza kuueleza. Anayebisha aje aone. Niliporudi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuifufua pikapu ya baba, aone nilichosomea. Ilinguruma mchana kutwa. Jioni baba alitabasamu, akachukua panga, akaelekea migombani. Asubuhi ikakohoa kikohozi kile kile cha utoto wangu.

Nilifunua boneti. Majani yalikuwa yametoa jasho usiku kucha, na matone yalikuwa yamejaa juu ya kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa umeme kwa plagi, na kwenye nyaya zake zote. Umeme ulipotelea majini. Jua likipanda, maji hukauka, na fundi wa mjini hakuti kitu. Nilikausha kwa kanga ya mama, nikawasha, ikaitika mara moja. "Si mtu, tata," nilimwambia baba. "Ni majani." Baba alisimama na blanketi lile mikononi. "Alikuwa akisukuma," alisema. "Hata kwenye mvua alikuwa akisukuma."

Siku hizi gari langu linawaka kwa kubonyeza kitufe, na likigoma nampigia simu kijana wangu wa karakana. Zamani zile tulikuwa na mtu aliyeacha moto wake wa jikoni akaja kwenye matope kusukuma gari lisilo lake. Mashine yangu, pamoja na sifa zake zote, haiwezi kumrudisha.

Kaburi la Lugano liko pembeni ya mibuni, si mbali na kwetu, lakini baba alikataa kwenda kwa miguu. Alitaka nimpeleke kwa pikapu. Tulipofika, injini ikinguruma bila kutetemeka, nilipeleka mkono kwenye ufunguo. Baba akaushika.

"Usizime," alisema. "Mwache aisikie."