Herufi Nene za Kibao cha Chai

Mume wangu alikuwa fundi wa vibao pale mtaani Biryogo, na mimi nilikuwa mshonaji. Cherehani yangu ilikaa upande mmoja wa baraza, makopo yake ya rangi upande wa pili, wateja wakapita katikati. Shule nilisoma miaka mitatu tu. Kusoma hasa nilijifunza kwenye herufi zake, maana zilikuwa kubwa na hazikunikimbia.

Majina ya watu wote nitakaowataja hapa ninayo kichwani, na ya baba zao pia. Wengi hawapo tena. Nayaacha yapumzike.

Alipenda herufi zenye miguu. Kila mstari unaoshuka aliuwekea kikanyagio chini na kofia juu. "Herufi bila miguu iko kama mlevi," alisema, "upepo ukija inaanguka." Alizichora nyembamba, nadhifu, zilezile kwa kinyozi na kwa mlango wa madrasa. O aliizidisha kidogo juu na chini ya mstari, kwa sababu, alisema, duara likilingana kabisa na wenzake jicho linaliona fupi. Mimi nilidhani ananitania, mpaka nikapima na utepe wangu.

Mwaka wa tisini na mbili vita vilikuwa huko kaskazini mwa nchi, na sisi tulikuwa tukifungua milango kila asubuhi kama kawaida. Hadji mmoja jirani yetu alitaka kufungua mkahawa Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Kibao kisomeke CHAI NA MANDAZI. Wiki hiyohiyo mume wangu akateleza kwenye mfereji wakati wa mvua, mkono wa kulia ukafungwa plasta.

Hadji alikuja kumpa pole. Akakaa, akanywa maji, akasema, "Fundi, kama Ijumaa kibao hakijakauka, nitampa yule fundi wa mjini. Usinichukie."

Alipoondoka, mume wangu hakula. Yule wa mjini alikuwa ameshamchukulia wateja wawili, na huyu wa tatu angekuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Kila siku angefungua mlango na kukuta kazi ya mtu mwingine inamwangalia.

"Nitachora kwa kushoto," akasema. "Wewe utakata na kupaka."

Alichora kwa makaa kwenye maboksi, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi nikate kila herufi iwe patroni, niilaze juu ya ubao, nizungushe penseli, kisha nijaze rangi. Kazi rahisi kwa mtu wa mkasi. Alhamisi asubuhi alikwenda hospitali kuangaliwa mkono, nikakaa na mkasi wangu. Nilikata vizuri sana. Nikapanga CHAI, nikaijaza rangi nyekundu, nikaanza kupanga maneno mengine. Nafasi ikaisha kwenye M.

Mume wangu alirudi akanikuta nimesimama. Aliangalia ubao, akaokota A moja ya boksi, akatafuta mstari wake wa makaa. Aliuona. Ulikuwa ndani, upana wa kidole kutoka pale mkasi wangu ulipopita, pande zote.

"Mama wee," akasema, "umeziachia mshono!"

Kweli. Mikono yangu ilifanya kama inavyofanya kila siku: chaki hapa, mkasi nje yake, kitambaa cha kushonea kibaki. Hata tundu la A nililikata dogo, kama shingo ya gauni ambayo bado itakunjwa.

"Sasa nani atazishona?" akauliza. Alicheka mpaka akashika plasta yake, kisha akakumbuka kwamba ni Alhamisi na maboksi yamekwisha.

Alivuka barabara, akageuka. Akaniita nami nivuke. Kutoka pale vibao vyote vya mtaa vilikuwa vinafifia, ila CHAI yangu nyekundu ilisimama, nene, miguu imekanyaga. Mimi msomaji wa polepole niliisoma mara moja.

"Yale mengine tuyaache," akasema. "CHAI isogee katikati."

"Hadji atakataa."

"Atakataa."

Tulifuta, nikachora upya katikati, nikapaka. Nilipaka nikiomba Mungu.

Ijumaa Hadji alikuja mapema, kanzu imepigwa pasi. Akasoma.

"Na mandazi yangu iko wapi?"

"Mandazi yananukia hadi kwenye kona," mume wangu akajibu. "Hayahitaji herufi."

Hadji hakucheka. Akatembea hadi kona kweli, mikono nyuma, akageuka, akakitazama kibao kutoka huko. Aliporudi alimtazama mume wangu machoni.

"Fundi, hii si mkono wako."

Mume wangu angeweza kusema ni ule wa kushoto. Mtu angeamini.

"Miguu ni yangu," akasema. "Unene ni wa mke wangu."

Hadji akakibeba kibao mwenyewe, akakipandisha juu ya mlango wake, watu wakaanza kupita chini yake kuingia. Kisha akarudi barazani kwetu na glasi mbili za chai. Ya kwanza alinipa mimi.

"Mama," akasema, "ukuta wangu wa ndani iko mtupu. Jumatatu uje. Na huyu mzee wako aje kukuonyesha pa kuweka miguu."